Mawe na Majina: Mambo ya Kale ya Morogoro na Uluguru



Mto Mzinga hushuka kutoka milima ya Uluguru, na maji yake huingia bwawa la Mindu karibu na mji wa Morogoro. Mgeni asikiapo jina hilo hufikiri mzinga wa vita. Mrina asali hufikiri mzinga wa nyuki. Neno ni moja, mawazo mawili. Ndivyo yalivyo mambo ya kale: asiyejua habari huona jiwe tu, bali ajuaye huwaona watu walioliweka pale. Leo twataka kutembea nanyi mahali patano, tuone ni nini kilichosalia na ni nini kinachotutoka mikononi.

Tuanze na mji wa Kisabengo. Kabla ya reli, na kabla ya Wadachi kujenga boma lao, palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe kando ya mto Ngerengere. Kisabengo alikuwa Mzigua, mtu hodari wa vita, aliyekusanya watu wengi chini yake, na miongoni mwao watumwa waliotoroka. Alipofariki, binti yake alishika utawala, naye akajulikana kwa jina la Simbamwene. Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita hapo na msafara wake. Aliandika ya kwamba ukuta ulikuwa wa pembe nne, na kila pembe ina mnara wa mawe, na kila upande una lango lenye milango ya mbao iliyonakshiwa kama milango ya Waarabu. Alikadiria watu wa mji kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Misafara iliyopita ilidaiwa hongo, na hongo ile ilidaiwa kwa amri ya mwanamke. Basi wako wasemao kwamba zamani wanawake hawakutawala; Simbamwene na awajibu.

Walakini ukuta uliojengwa kuzuia adui haukuweza kuzuia maji. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na pwani, na mvua yake ikaingia bara. Ngerengere ukafurika, ukachukua sehemu ya ukuta na nyumba nyingi, na watu wakapotea. Stanley aliporudi mwaka ule ule aliyaona maangamizi hayo. Leo ukuta ule hausimami tena. Jina limesalia, lakini waulizeni vijana wa mjini maana yake, mtaona ni wangapi watakaowajibu.

Sasa tupande mlimani, twende Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru. Huko hakuna ukuta wala mnara. Kuna jina la Kingalu, lililorithiwa vizazi kwa vizazi na wakuu waliosifiwa kwa kuomba mvua. Kwa desturi ya Waluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, na ardhi ni ya ukoo. Kwa hiyo mjomba ana neno kubwa juu ya mpwa wake. Mahali kama hapa hapaonekani kwa macho ya haraka. Jengo lake ni maneno ya wazee, na mzee akifa bila kusimulia, ni kama tofali limeng'oka.

Turudi bondeni. Wadachi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Morogoro mwaka 1907. Mizigo iliyochukuliwa vichwani kwa siku nyingi sasa ilifika kwa muda mfupi. Lakini reli hiyo hiyo ilileta vita. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jemadari Smuts, yaliingia Morogoro, na Wadachi wa Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kwa njia za Uluguru hadi Kisaki. Mjini pana makaburi ya askari wa vita ile, yamepangwa safu safu. Lakini je, wapagazi? Waafrika waliobeba risasi na chakula cha majeshi hayo walikufa kwa maelfu, kwa homa, njaa na uchovu, na walio wengi hawakuandikiwa jina juu ya jiwe lo lote. Mwanafunzi akiingia makaburini, na ayasome majina yaliyoandikwa, kisha awakumbuke na wale wasioandikwa.

Mahali pa nne ni Matombo. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unaporomoka, nayo ikaamrisha watu wachimbe matuta ya ngazi. Ni kweli udongo ulikuwa ukienda na mvua. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na kuchimba kulitoa juu udongo usio na rutuba, na wakulima hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Pakawa na ghasia, na mtu mmoja akauawa. Baadaye mpango ukaachwa. Hapa twajifunza neno moja: shauri jema likiletwa kwa nguvu huchukiwa pamoja na wema wake.

Mwisho tufike Mazimbu, nje kidogo ya mji. Palikuwa shamba la katani. Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na kuanzia mwaka 1978 wakajenga shule. Waliiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Watanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wako wenzao waliofia ugenini, nao wamezikwa pale pale Mazimbu, kila mmoja na jina lake.

Basi twajiuliza: ikiwa wageni waliweza kutunza majina ya watu wao katika nchi yetu, sisi wenyeji tumeshindwaje? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Simbamwene hatuwezi kuujenga tena. Bali ufa wa kusahau twaweza kuuziba, wala haudai fedha. Kila mwanafunzi na amwendee babu, bibi au mjomba wake, aulize jina la kilima, la kijito na la kaburi lililo karibu na nyumba yao, naye aandike daftarini jina la msimulizi na tarehe. Walimu tuyatunze madaftari hayo shuleni. Na milima yenyewe tusiisahau, kwa maana maji ya Ruvu yanywewayo Dar es Salaam hutoka Uluguru. Tukikata miti ovyo, mafuriko ya mwaka 1872 yatapata ndugu zake.