Nanochembe za Kaboni na Muchomo wa Wandegeya

Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya India iliyoko Guwahati walitangaza kwamba mkate, sukari guru, karameli na biskuti zina nanochembe za kaboni zinazotoa mwanga zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno. Tangu hapo orodha imerefuka: kahawa, bia, kola, samaki wa kuchoma, bata wa kuoka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imetoka Chuo Kikuu cha Dalian Polytechnic, China. Kwa anayeifahamu Wandegeya jijini Kampala, mahali ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere na wafanyakazi wa hospitali ya Mulago hula muchomo (nyama ya kuchoma), gonja (ndizi za kuchoma) na roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) kila siku, swali linakuja lenyewe: nasi tunazila? Bila shaka tunazila, maana penye sukari, protini na moto mkali chembe hizi hujitengeneza zenyewe. Lenye uzito ni zinafanya nini mwilini, na hapo naona wataalamu wengi wamekimbilia mng'aro wakakiacha kipimo.

Mng'aro wenyewe una mtego. Chukua ganda la kahawia la kuku wa kuchoma, lisage, liloweke kwenye maji, uchuje, kisha umulike kwa taa ya kukagulia noti bandia: maji yatageuka ya buluu. Buluu hiyo bado haithibitishi kitu. Mmenyuko wa Maillard, uliofafanuliwa mwaka 1912, huzaa pia molekuli ndogo zinazong'aa ambazo si chembe hata kidogo. Hata kwa chembe zinazotengenezwa maabara kwa asidi ya sitriki na ethilinidiamini, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mwanga ilitoka kwa molekuli ndogo iliyozaliwa humo humo. Kwa hiyo utafiti usioeleza kwa makini jinsi chembe zilivyotenganishwa na mchuzi wake, kisha ukadai kwamba chembe ndizo zilizoua seli, sioni sababu ya kuuamini.

Tuje kwenye kipimo. Katika majaribio mengi seli hulowekwa kwa saa kadhaa ndani ya myeyusho wenye chembe zinazofikia miligramu kwa kila mililita. Seli hiyo haina tumbo lenye asidi, haina ute wa utumbo, haina ini. Watafiti wa Dalian walipowapa panya chembe kutoka kola kwa dozi moja ya gramu 2 kwa kilo ya mwili, hawakuona madhara ya wazi. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni sawa na gramu 120 za chembe tupu, kiasi ambacho hakuna mlaji wa muchomo atakayekikaribia kwa mlo mmoja. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba chembe hufika kwenye ini, figo, hata ubongo, na dozi moja haisemi lolote kuhusu miaka ishirini ya kula. Wanaotisha watu na wanaowatuliza, wote wametangulia mbele ya ushahidi.

Kuna jambo jingine linalofanya matokeo ya tanuri la maabara yasitoshe kwa Wandegeya. Tanuri huwekwa nyuzi 200, 250 au 300 na kubaki hapo. Kwenye sigiri, mafuta yanadondokea makaa, ndimi za moto zinaruka, mchomaji ananyunyiza maji na kugeuza mshikaki. Upande mmoja umekuwa mkaa, wa pili ndio kwanza unaiva. Kinachopanda na moshi ule ni pamoja na benzopireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 1. (Makundi hayo hupima uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa hatari; magazeti yetu huyachanganya mambo hayo mawili karibu kila mara.) Mlaji anaipata kidogo kwenye nyama. Mchomaji anaivuta jioni nzima, mwaka hadi mwaka, na kwa kipato kisichomruhusu kupumzika. Ukiniuliza ni mwili wa nani uchunguzwe kwanza, nitasema wa mchomaji.

Vyombo na watu wa kazi hiyo wako kwa mwendo wa miguu. Daftari la Saratani la Kampala lilianzishwa mwaka 1951 na linahudumia kaunti ya Kyadondo, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago tangu 1967. Daftari hurekodi uvimbe, si mlo wala moshi, hivyo peke yake halitajibu swali hili. Mimi ningeanza kwa kuku mmoja aliyegawanywa mara tatu: kipande cha kuchemsha, cha tanuri na cha makaa. Kila kipande kitenganishwe chembe na molekuli ndogo kwa dayalisisi (kuchuja kupitia utando wenye vitundu vidogo mno), kisha vyote viwili vijaribiwe kando kando kwenye seli za utumbo, kwa kiasi kinachopatikana katika sahani halisi. Sambamba na hapo, wachomaji wavalishwe kipima-vumbi shingoni na mkojo wao upimwe mabaki ya moshi kabla na baada ya zamu. Gharama kubwa itakuwa darubini ya elektroni. Mengine yote yanawezekana kwa bajeti ya shahada ya uzamili.