Ukuta wa Anti Ulinishinda: Historia Fupi ya Ukurasa wa Mbele

Nianze na kukiri, juu mkija kujua baadaye mtanicheka zaidi. Tovuti ya kwanza niliyowahi kumtengenezea mtu wa biashara ilikuwa mbaya. Mbaya sana. Na huyo mtu alikuwa anti yangu, dadake mama, ambaye hushona sare za shule kwenye kibanda cha mabati hapa Nairobi.

Ilikuwa Novemba. Fundi yeyote wa sare atakwambia pesa ya mwaka iko Desemba na Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Anti alikuwa amechukua kitambaa na nyuzi za sweta kwa deni. Akaniambia, "Wewe si uko kwa mtandao siku nzima? Nitengenezee hiyo kitu watu waniagizie." Nikamjibu, "Anti, ngoja nikushangaze."

Nikamshangaza kweli. Ukurasa wa mbele niliupa picha tano kubwa zinazobadilishana zenyewe, watoto wakitabasamu. Juu yake nikaandika kwa herufi nyembamba: "Tunashona Kesho." Chini nikaweka hadithi ya maisha ya anti, aya nne nzima. Namba ya simu? Niliipeleka kwa ukurasa mwingine kabisa, kule mwisho. Niliona hivyo ndivyo makampuni makubwa hufanya.

Wiki mbili baadaye mama mmoja akaja kibandani na kumwambia anti, "Nilifungua tovuti yako nikadhani ni ya shule. Bando zikaisha kabla nione bei."

Januari ikapita. Oda zilizokuja zilitoka kwa wale wale wanaopita kibandani kila mwaka. Deni la kitambaa anti alilimaliza Aprili, kidogo kidogo. Hakunigombeza, na hiyo iliuma kuliko kugombezwa. Alininyoshea tu kidole kwenye ukuta wa kibanda chake, ule uliochorwa na fundi wa mabango miaka mingi iliyopita: SARE ZA SHULE. SWETA. TUNAREKEBISHA. Mchoro wa shati na sketi. Namba ya simu, kubwa kama kichwa cha mtu. Akasema, "Huu ukuta hauzunguki. Mtu akipita na matatu, anasoma yote."

Mtu akipita na matatu. Maneno hayo yalinikalia kichwani mpaka nikaanza kuchimba historia: huu ukurasa wa mbele wa tovuti ulitoka wapi, na ni nani alitufundisha kuuharibu? Kumbe kosa langu limefanywa na watu wenye pesa mingi kuniliko, tena zaidi ya mara moja.

Mwanzo ulikuwa maandishi tu

Tovuti ya kwanza duniani iliwekwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka wa 1991 akaitangaza kwa umma. Haikuwa na picha wala rangi za kupendeza. Ilikuwa maandishi na viungo vya kubonyeza. Lakini angalia ilichofanya: ilikuambia huu mradi ni nini, nani anahusika, na wewe unaweza kuanzia wapi. Basi. Mgeni anafika hajui chochote, anaondoka anajua aende wapi.

Mwaka wa 1993 CERN ikaachilia teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo. Mwaka huo huo ikatoka Mosaic, kivinjari kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichofanya picha na maandishi yakae pamoja kwa ukurasa mmoja. Biashara zikaona mlango umefunguka.

Mfano ninaoupenda ni wa 1994. Pizza Hut ilijaribu kuuza piza kwa mtandao kule Santa Cruz, California. Ukurasa wake ulikuwa mkavu kama fomu ya chifu: andika jina, andika mahali unaishi, andika namba ya simu. Ukiangalia leo unaweza kucheka. Lakini hakuna mtu aliyeufungua akajiuliza, "Hawa wanauza nini, na nifanye nini sasa?" Huo ni ukuta wa anti, ila uko California.

Amazon ilipofunguliwa kwa umma Julai 1995 nayo haikuwa na urembo. Maandishi mengi na ahadi moja iliyo wazi: tuna vitabu milioni moja, bei ni nafuu. Mgeni alipewa sababu ya kubaki kabla hajaombwa chochote.

Gazeti lililokunjwa

Kuna kitu wachoraji wa tovuti waliazima kutoka kwa magazeti, na sisi Wakenya tunakijua bila kufundishwa. Gazeti hukunjwa kabla ya kuuzwa. Muuzaji akilipanga kando ya barabara, unaona nusu ya juu peke yake. Ndio maana kichwa kikubwa cha habari kiko pale. Umewahi kuona watu wameinama pale mjini wakisoma vichwa bila kununua? Nusu ya juu ndiyo inayoamua kama mkono utaingia mfukoni.

Kwa tovuti, nusu ya juu ni kile mtu anaona kabla hajasukuma skrini. Mimi nusu yangu ya juu niliijaza watoto wanaotabasamu wanaobadilishana kila sekunde nne. Ni kama muuza magazeti aanze kuyapeperusha hewani watu wakijaribu kusoma.

Na si ati ninajihukumu bure. Mwaka wa 2013 Erik Runyon, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani, alipima picha za aina hiyo kwenye tovuti ya chuo. Kama asilimia 1 tu ya wageni ndio waliozibonyeza, na wengi wao walibonyeza ile ya kwanza. Zile zingine zilikuwa zinacheza peke yao kama televisheni kwenye nyumba isiyo na watu.

Waliochoma mamilioni

Sasa tuje kwa wakubwa wangu katika makosa. Novemba 1999, duka la nguo la mtandaoni liitwalo Boo.com lilifunguliwa, makao yake London. Lilitaka kuuza nguo za kisasa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Lilikuwa na picha za nguo unazoweza kuzungusha, na msichana wa kuchorwa aliyeitwa Miss Boo wa kukushauri ukinunua. Kwa macho ilikuwa noma.

Shida ni kwamba wakati huo watu wengi nyumbani walitumia modemu ya simu ya waya. Modemu nzuri ya siku hizo ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde. Hebu tupige hesabu: hiyo ni kama kilobaiti 7 kwa sekunde. Picha moja niliyomwekea anti ilikuwa megabaiti 6. Kwa modemu hiyo ingechukua dakika kama 14 kufunguka. Picha moja! Ndio unaelewa kwa nini wateja wa Boo walichoka kungoja. Kampuni ilianguka Mei 2000, ikiwa imetumia takriban dola milioni 135. Ilikuwa na matatizo mengine, matumizi ya kifahari yakiwemo, lakini mlango mzito ulichangia. Mteja alikuwa na pesa mkononi, duka likamwambia, "Ngoja kwanza nijipambe."

Enzi hiyo pia ndiyo ilileta tovuti zinazoanza na filamu ndogo iliyotengenezwa kwa Flash. Unafungua tovuti ya hoteli kutafuta menyu, unapata muziki na jina la hoteli likiruka-ruka. Pale pembeni kuna kitufe kidogo cha kuruka utangulizi. Fikiria hilo vizuri: mwenye hoteli alilipa pesa kutengeneza kitu, halafu akalazimika kukupa njia ya kukikwepa.

Kilichoimaliza ni simu. iPhone ya 2007 haikucheza Flash kabisa. Mwaka wa 2010 Ethan Marcotte akapendekeza njia ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na ukubwa wa skrini, na hiyo ndiyo njia tunayotumia mpaka leo. Flash yenyewe iliagwa rasmi na Adobe mwisho wa Desemba 2020. Tukarudi pale pale: skrini ndogo, nafasi ndogo, sema jambo lako haraka.

Kuna watu hapa watasema, "Si basi tuige Google?" Google ilianza 1998 na kisanduku kimoja kwenye ukurasa mweupe. Lakini tulia. Google ilikuwa na kazi moja, kutafuta, na kila aliyefika alijua amekuja kutafuta. Anti akiweka ukurasa mweupe wenye jina lake tu, hakuna mtu atajua kama ni fundi au ni mganga.

Na huku kwetu?

Historia yetu ina njia yake. Mtandao ulifika Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka mingi tulitegemea setilaiti: polepole na ghali. Ndio 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Kabla ya hapo, Machi 2007, M-Pesa ilikuwa imezinduliwa. Kwa hivyo Mkenya wa kawaida alizoea kulipa kwa simu kabla hajazoea tovuti, na wengi walikutana na tovuti kwa simu, hawakupitia kompyuta ya mezani. Bando unanunua kwa pesa yako. Ukurasa mzito kwetu unamkata mgeni pesa kabla hajakununulia kitu.

Na kuna jambo lingine ambalo vitabu vya nje hayakazii sana: woga wa kulaghaiwa. Sisi tumetumia pesa kwa maduka ya mtandaoni tukaishia kuzuiwa. Kwa hivyo mbali na "unauza nini" na "ni pesa ngapi", mgeni wa Kenya anauliza, "Mko wapi haswa?" Ukuta wa anti unajibu kwa kusimama tu hapo. Tovuti lazima iseme: steji gani, nyuma ya jengo gani, mlango wa rangi gani. Na jina litakalotokea kwenye M-Pesa ukilipa liwe lile lile lililo juu ya ukurasa.

Jambo la mwisho la kihistoria, kisha niwaache. GeoCities ilianza 1994 ikiwapa watu kurasa za bure. Yahoo ikainunua 1999, ikafunga kurasa zake 2009. Google nayo iliwapa wafanyabiashara wadogo tovuti rahisi za bure kupitia wasifu wao wa biashara, halafu Machi 2024 ikazizima. Nyumba ya kupanga ni nyumba ya kupanga. Tumia ya bure ukianza, sawa, lakini jina la tovuti liwe lako, na picha na orodha ya bei uwe nazo kwingine.

Nilirudi kwa anti

Oktoba iliyofuata nilimwomba anti nafasi ya pili. Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akasema, "Sichukui kitambaa kwa deni juu yako tena. Lakini fanya."

Nilipiga picha ukuta wake, nikauiga. Juu kabisa: "Sare za shule na sweta, tunashona na kurekebisha." Chini yake bei ya sweta na ya sketi, mahali tulipo, na kitufe kimoja kikubwa cha kupiga simu. Picha moja tu, ya sweta aliyoshona yeye mwenyewe, nimeipunguza mpaka inafunguka haraka hata kwa simu ya zamani. Hadithi ya maisha yake bado iko, ila iko chini, kwa yule atakayetaka kuisoma.

Halafu nikampa jirani wa anti, muuza mboga, simu yangu. Nikahesabu mpaka tano, nikamnyang'anya. Nikamuuliza, "Umeona nini?" Akasema, "Sweta, bei, na pahali pa kupiga simu."

Sitawadanganya ati anti sasa ana kiwanda. Lakini Januari hiyo simu ziliita kutoka kwa wazazi ambao hawajawahi kupita karibu na kibanda chake, na aliajiri msichana mmoja wa kumsaidia kufuma kwa wiki tatu. Kwa nyumba yetu hiyo ni habari kubwa.

Kwa hivyo wewe unayemtengenezea mathe, broo au rafiki tovuti wikendi hii: kabla hujafungua kompyuta, nenda nje ukaangalie ukuta wa duka lake. Uliza ni nini kimewaleta wateja miaka hiyo yote. Halafu mpe jirani simu, hesabu mpaka tano, umnyang'anye. Asipoweza kukwambia kinachouzwa na pa kupiga simu, rudi ukaanze upya.