Kukatikakatika kwa Mawasiliano katika Gia za Otomatiki

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi wa magari, ni chache zinazotafsiriwa kwa pupa kama ile inayotaja hitilafu inayozuka, ikatoweka, kisha ikarejea bila ya miadi; na taabu huzidi pale hitilafu yenyewe inapokuwa si ya chuma wala ya oili, bali ni ya habari ambazo kompyuta ya gia hupelekeana na kompyuta ya injini. Wengi huandika "hitilafu ya mara kwa mara", na msomaji, ambaye kwake mara kwa mara ni jambo lililokithiri kutokea, hufahamu kinyume cha makusudio, kwani hitilafu tunayoizungumzia yaweza kujificha juma zima, kisha ikajitokeza kwa nukta moja gari linapopita juu ya tuta. Wengine wamependelea "hitilafu ya vipindi", kwa kuwa homa ya vipindi ni maneno ya tangu zamani katika lugha yetu. Walakini homa ile ina nyakati zake na mgonjwa aliyeizoea huitazamia, ilhali hitilafu hii haina wakati maalumu. Usemi ulio karibu zaidi na hali halisi, kwa rai yangu, ni ule tunaousikia kila siku kwa watu wanaolalamikia simu zao, kwamba mawasiliano yanakatikakatika. Kitenzi kikirudufiwa namna hiyo hubeba dhana ya tendo linalojirudia ovyo ovyo, pasipo mpango. Na zaidi ya hayo, humwelekeza fundi kutazama njia ya habari kabla ya kumshuku mpeleka habari, jambo ambalo, kama tutakavyoona, ndilo nusu ya kazi.

Zamani kila sensa ya gari ilikuwa na waya wake, na kadiri vyombo vya umeme vilivyoongezeka ndivyo mafungu ya waya yalivyozidi unene na uzito. Mwaka 1983 wahandisi wa Bosch nchini Ujerumani wakaanza kuunda mtandao wa vidhibiti, uitwao kwa ufupi CAN, nao ukadhihirishwa hadharani mjini Detroit mwezi wa Februari 1986. Ndani yake kompyuta zote hutumia waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Zikiwa kimya, kila waya huwa na takriban volti 2.5, kompyuta inaponena, mmoja hupanda kukaribia 3.5 na wa pili hushuka kukaribia 1.5, na wasikilizaji husoma tofauti iliyopo baina ya hizo mbili, hata makelele ya umeme yakizivamia waya zote kwa pamoja, tofauti ile hubaki salama. Katika kila ncha ya mtandao hufungwa kikinza cha omu 120, navyo viwili vikipimwa kwa pamoja, umeme ukiwa umezimwa, husomeka omu 60. Fundi akikuta 120 badala ya 60, basi ncha moja imepotea au waya umekatika njiani.

Hapa neno "mawasiliano" limetufaa kuliko tulivyostahili, maana kiambishi chake cha kutendana ni sahihi kabisa kiufundi. Katika mtandao huu hapana kutuma tu: kila ujumbe una nafasi ya biti moja ambayo wasikilizaji huijaza kuthibitisha kwamba umepokewa bila dosari, na mtumaji asipouona uthibitisho huo huhesabu jambo hilo kuwa ni kosa. Kwa kawaida kosa la kutuma huongeza 8 katika hesabu yake na ujumbe uliofika salama hupunguza 1. Hesabu ikipita 255, kompyuta hiyo hujitoa mtandaoni kwa hiari yake ili isiwaharibie wenziwe. Dereva hajui lolote katika hayo. Anachokiona ni taa kuwaka katika dashibodi na gia kung'ang'ania mahali pamoja. Huzima gari, huliwasha tena, na mambo yakawa shwari, naye akidhani kwamba yamekwisha.

Gari linapofikishwa kwa fundi, mashine ya kupimia huonyesha msimbo U0101, na herufi U humaanisha kwamba shauri ni la mtandao. Maana yake ni kwamba mawasiliano na kompyuta ya gia yamepotea. Lakini nimeona ikifasiriwa kuwa "kompyuta ya gia mbovu", na tafsiri hiyo imewagharimu watu fedha nyingi. Msimbo huo huwekwa na kompyuta nyingine, aghalabu ya injini, iliyongoja habari na isizipate. Ni ushahidi wa msikilizaji. Wala msikilizaji hawezi kujua kama mwenzake ameharibika, au amekosa umeme, au amenena na waya haukufikisha. Kwa hiyo busara ni kuzihoji kompyuta zote: ikiwa zote zinalalamikia ile ya gia peke yake, tafuta katika tawi lake, umeme wake na ethi yake, na ikiwa kila moja inailalamikia nyingine, tafuta katika njia kuu. Pia sharti itenganishwe misimbo iliyopo sasa na ile iliyobaki katika kumbukumbu, kwa sababu hitilafu ya kukatikakatika mara nyingi huacha hiyo ya pili tu.

Betri ndiyo ya kupimwa mwanzo, hasa wakati wa kupiga starti, kwa kuwa volti zikiporomoka kompyuta hunyamaza pasipo kuwa na ugonjwa. Kisha ethi, nayo haipimwi kwa omu, maana waya uliobaki na uzi mmoja mzima bado husomeka vizuri, bali hupimwa volti zinazopotea baina ya pini ya ethi na ncha hasi ya betri, vyombo vikiwa vimewashwa, zikizidi kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za volti, pana kutu au skrubu iliyolegea. Baada ya hapo hutikiswa mafungu ya waya na soketi moja baada ya moja huku osiloskopu ikitazamwa, kwani mita ya kawaida ni nzito mno kuona mkatiko wa muda mfupi kama huo. Na pakiwa na king'ora cha wizi kilichofungwa na mtu wa pembeni, mimi ningeanza kwa waya alizozichuna yeye.

Mfano mashuhuri ni giaboksi ya Mercedes-Benz iitwayo 722.6, iliyotoka mwaka 1996. Ubavuni mwake pana soketi ya pini 13 inayozuiwa kuvuja kwa vipete vya mpira. Vipete vikikauka, oili hupenya, ikapanda ndani ya waya zenyewe kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, mpaka ikaifikia kompyuta ya gia iliyowekwa mbali kabisa. Hitilafu hujitokeza na kutoweka, gia zikaingia katika hali ya dharura, na gari likizimwa na kuwashwa hubaki na gia ya pili na ya kurudi nyuma tu. Anayebadilisha kompyuta na kuiacha soketi ile hupata nafuu ya muda, kisha oili huifikia na hiyo mpya. Soketi yenyewe ni ya bei ndogo. Ila hata baada ya kuibadilisha, waya huendelea kutoa oili iliyobaki ndani yake, na plagi ya upande wa kompyuta sharti ifunguliwe, isafishwe na kukaguliwa tena mpaka ionekane kavu.