Nile pale Jinja: Mwanga na Gharama Yake

Wahenga walisema, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Methali hii inaifaa sana historia ya umeme wa maji nchini Uganda, hasa pale Jinja, ambapo Mto Nile hutoka katika Ziwa Viktoria na kuanza safari ndefu ya kuelekea Misri.

Mwaka 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo akayakuta maporomoko, akayaita Ripon, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Mwaka 1907 Winston Churchill alipita njia hiyo hiyo. Alipoyatazama maji yale yakianguka, aliona nguvu inayopotea bure. Wazo hilo lilingoja hadi Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alipolizindua bwawa la Owen Falls. Siku hizi bwawa hilo linaitwa Nalubaale, jina ambalo Waganda huliita ziwa lenyewe.

Faida zake hazikuchelewa kuonekana. Bwawa lilipangwa kutoa megawati 150, na umeme huo ukaigeuza Jinja kuwa mji wa viwanda: nguo zilifumwa hapo, na shaba iliyochimbwa Kilembe, magharibi mwa nchi, ililetwa kuyeyushwa hapo. Hata jirani yetu Kenya aliununua umeme huo kwa miaka mingi. Tena maji hayateketei kama dizeli. Hushuka, huzungusha mitambo, kisha huendelea na safari yake bila kutoa moshi. Ndiyo maana nguvu ya maji huhesabiwa kuwa nishati jadidifu, yaani nishati ambayo maumbile huirudisha kila mvua inyeshapo.

Hata hivyo, kila bwawa lilidai malipo. Maporomoko ya Ripon yalizama, wala kizazi chetu hakikuyaona. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, lenye megawati 250, lilizinduliwa kaskazini kidogo ya Jinja, nayo maporomoko ya Bujagali yakafunikwa. Kwa Wabasoga wengi hayo hayakuwa maji matupu. Yalikuwa makao ya roho iitwayo Budhagali. Matambiko yalifanywa ili roho hiyo ihamishwe, lakini si wote waliokubali kwamba roho huhamishwa kama mzigo. Mashamba yalichukuliwa, na vijana waliowaongoza watalii kwa mashua katika mawimbi yale wakalazimika kushuka chini zaidi ya mto.

Funzo kubwa zaidi lilikuja katika miaka ya 2005 na 2006. Kina cha ziwa kilishuka mno. Ukame ulikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba maji yaliyofunguliwa kupita mabwawa ya Jinja yalizidi kiasi kilichowekwa na makubaliano ya zamani, yaliyotaka mto utiririke kama ulivyotiririka kabla ya bwawa. Ziwa hilo ni la Kenya na Tanzania pia, kwa hiyo wavuvi wa nchi zote tatu waliona ufuo ukirudi nyuma. Nchini Uganda ukaja mgawo wa umeme, na serikali ikakodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Hapo tukajifunza kwamba kitu kinachojirudisha si kitu kisichokwisha. Mvua ndiyo mwenye kiwanda. Sisi ni wapangaji tu.

Mwaka 2024 bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa. Umeme umeongezeka sana, ilhali katika nyumba nyingi chakula bado hupikwa kwa kuni na makaa, na misitu inaendelea kukatwa. Simaanishi kwamba mabwawa hayana maana. Ninayaandika haya usiku, chini ya taa inayowashwa na mto huo. Ninachosema ni kwamba aliyepoteza shamba au mahali pa ibada na anayewasha taa mjini mara nyingi si mtu mmoja. Mwananchi mwema hufurahia mwanga, kisha huuliza ni nani aliyeulipia, na kama deni lake limelipwa.

Maswali ya kujadili:
1. Eleza tofauti kati ya nishati jadidifu na nishati isiyokwisha.
2. Je, nchi moja ina haki ya kuamua peke yake juu ya maji ya ziwa la nchi tatu? Toa sababu.
3. Taja methali nyingine inayolingana na historia hii, na ueleze kwa nini umeichagua.