Riwaya Iliyoandikwa kwa Lugha ya Wachache

Mwezi wa Machi 1887, mjini Berlin, zilitoka mitamboni nakala 2,000 za riwaya ya Kihispania iitwayo Noli Me Tangere. Mtunzi wake, José Rizal, alikuwa daktari kijana wa miaka 25 kutoka Ufilipino, naye wakati huo alikuwa na dhiki kubwa ya fedha. Gharama za chapa zilitolewa na rafiki yake, Máximo Viola. Mwezi uliofuata, katika mji huo huo, Rizal alisimama mbele ya wataalamu wa Kijerumani akawafafanulia, kwa lugha yao, kanuni za ushairi wa Kitagalog. Mambo hayo mawili aghalabu husimuliwa mbalimbali, ilhali yanafaa kusimuliwa pamoja. Mtu aliyezijua mizani za lugha ya mamaye kiasi cha kuzifundisha ugenini, riwaya yake aliiandika kwa lugha ya mtawala.

Alikuwa na sababu zake. Alitaka Hispania isikie, na alitaka wasomi wa visiwa zaidi ya 7,000, wenye lugha nyingi, wakutane katika kitabu kimoja. Lakini wenyeji walio wengi hawakujua Kihispania. Watawa wa Kikatoliki walipendelea kuhubiri kwa lugha za watu, wala hawakuwa na haraka ya kuwafunza ya kwao.

Jina la riwaya ni maneno ya Kilatini kutoka Injili ya Yohana: usiniguse. Ndani yake Ibarra arejea kutoka Ulaya na nia ya kujenga skuli, akakuta babaye amefia gerezani na maiti yake imefukuliwa makaburini kwa amri ya padri. Humo pia yumo Sisa, mama wa wavulana wawili watumishi wa kanisa, ambao wanasingiziwa wizi. Mama huyo anapoteza wanawe, kisha akili yake. Hapana shaka Ibarra ndiye msemaji wa mawazo ya mtunzi, lakini aliyeingia katika vinywa vya watu ni Sisa. Hata asiyeifungua riwaya hiyo humjua.

Mwaka huo huo wa 1887 walimu wa Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Manila, waliihukumu kuwa ni ya uzushi, na baraza la ukaguzi likapendekeza ipigwe marufuku. Nakala ziliingizwa kwa siri. Ya pili, El Filibusterismo, ilichapwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891, ikatabarukiwa mapadri watatu walionyongwa mwaka 1872.

Miongoni mwa waliozisoma alikuwamo Andrés Bonifacio, mfanyakazi wa ghala mjini Manila, aliyejisomesha mwenyewe. Julai 1892 Rizal alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Dapitan. Siku zile zile Bonifacio na wenzake wakaunda Katipunan, chama cha siri cha kuung'oa utawala wa Hispania. Jina la Rizal likawa neno lao la kujitambulisha. Walipomtumia mjumbe mwaka 1896, Rizal aliona wakati bado, na baadaye akaandika tamko la kuyalaani maasi. Halikumfaa kitu. Serikali, kama Katipunan, ilikuwa imekwisha kuzisoma riwaya zake kwa namna yake, na alfajiri ya tarehe 30 Desemba 1896 akapigwa risasi Bagumbayan. Kitabu kikishatoka mkononi, mwenyewe hana tena kauli juu yake.

Usiku wa kuamkia kifo aliacha shairi la Kihispania lisilo na kichwa, limefichwa ndani ya jiko dogo la spiriti. Lina beti za mishororo mitano. Tafsiri ya mwanzo ya Kitagalog inanasibishwa na Bonifacio, na wapenzi wa ushairi wanapaswa kuitazama kwa makini. Hakuufuata ubeti wa Rizal. Aliyahamisha maneno katika beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na mbili, kina kimoja cha mwisho. Huo ndio ubeti wa Florante at Laura, utenzi wa Balagtas wa mwaka 1838 ambao Watagalog wengi waliuhifadhi kwa moyo. (Msomaji wa pwani, aliyelelewa na vina, hatahitaji kuelezwa tofauti ya shairi la kusomwa na shairi la kushika.) Alilolifanya mfanyakazi yule wa ghala ni kulirudisha neno la Rizal kwenye masikio yaliyolingojea. Rizal mwenyewe alikwisha kujaribu: baada ya El Filibusterismo alianza riwaya ya tatu kwa Kitagalog, akaiacha baada ya kurasa chache.

Kisha wakaja Wamarekani na skuli zao za Kiingereza. Tafsiri ya Kitagalog ya Noli, ya Pascual Poblete, ilitoka 1909. Ya Kiingereza ya Charles Derbyshire, 1912. Kihispania kikanyauka. Mwaka 1956 maseneta Claro Recto na José Laurel walipoleta mswada wa kuzifanya riwaya hizo kuwa lazima vyuoni, maaskofu walipinga vikali, na vitisho vya kufunga skuli za Kanisa vikasikika. Sheria ilipita Juni mwaka huo kwa suluhu ya ajabu kidogo: mwanafunzi angeweza kuapa kwa maandishi kwamba dini yake inamzuia kuvisoma vitabu vyenyewe, lakini somo asingeliepuka. Sheria hiyo hiyo iliagiza vitafsiriwe katika lugha kuu za nchi.

Katiba ya 1987 haikukitaja tena Kihispania kuwa lugha rasmi. Kiliwekwa pamoja na Kiarabu, cha kuendelezwa kwa hiari. Kwa miaka mingi vijana wa sekondari wamesomeshwa, katika somo la Kifilipino, Florante at Laura kwanza, kisha Noli, kisha El Filibusterismo. Balagtas husomwa katika maneno yake mwenyewe. Rizal husomwa kwa tafsiri.