Mtoto wa wafugaji aliyekataa maziwa

Nimepotea kidogo, test zimebana kweli kweli. Leo naandika kitu kilichoanzia nyumbani Somanda, pale Bariadi, kikanifikisha maktaba ya chuo. Ni historia, ila msikimbie, ina faida.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu akiwa na miezi saba alianza kupewa uji uliotiwa maziwa ya ng'ombe. Vijiko vitatu tu, midomo ikavimba, vipele vikatoka mwili mzima, akatapika. Bibi akashangaa: mtoto wa Kisukuma, zizi liko nyuma ya nyumba, anakataaje maziwa? Jirani akasema hapo kuna mkono wa mtu. Bibi akakataa, akasema maziwa freshi ni mazito, apewe mtindi, mtindi ni mwepesi. Baada ya wiki akapewa mtindi. Safari hii kifua kikabana, pumzi inatoka kwa shida. Wakakimbizana naye kwa bodaboda hadi hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini. Mungu akasaidia, akapona.

Mimi nikiwa huku chuoni nilikasirika sana. Nikasema haya ndiyo mambo ya wazee. Lakini jamani, nilipoanza kusoma nikaona aibu. Bibi hakuwa mjinga. Alikuwa na jibu sahihi, ila la tatizo jingine.

Iko hivi. Maziwa yana sukari yake inayoitwa laktosi, na ili tumbo liivunje linahitaji kimeng'enya kinachoitwa laktasi. Karibu kila mtoto mchanga anacho. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kinapungua, ndiyo maana kuna watu wazima wakinywa glasi ya maziwa tumbo linajaa gesi na kuharisha. Mwaka 1966, hapo jirani Kampala, madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha utafiti wao kwenye jarida la The Lancet. Walikuta Waganda wengi watu wazima hawana laktasi ya kutosha, wakati watu wa jamii za wafugaji, Wahima na Watutsi, wengi wanayo.

Sababu ilikuja kueleweka vizuri mwaka 2007. Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Wakakuta mabadiliko ya jeni yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kunywa maziwa, tena tofauti na yale ya Wazungu, yaliyoenea ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita. Yaani ufugaji umeandika historia yake ndani ya miili ya watu wa Afrika Mashariki!

Sasa mtindi unaingiaje? Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya ile laktosi, kwa hiyo mwenye tumbo gumu kwa maziwa freshi mara nyingi anauvumilia mtindi. Hiyo ndiyo elimu ya bibi. Ameiona kwa macho yake miaka yote, naye aliipokea kwa mama yake.

Tatizo la mjomba wangu mdogo lilikuwa na historia nyingine kabisa. Mwaka 1906, kule Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet alitunga neno "alegi" kuelezea mwili uliobadilika ukawa unapigana na kitu kisicho adui. Ilichukua miaka sitini kujua ni nini hasa ndani ya damu kinachofanya fujo hiyo. Mwaka huohuo wa 1966, mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakiwa Denver Marekani, waliibua kingamwili mpya. Mwaka 1967 Johansson na Bennich wa Uppsala, Sweden, nao wakatoa matokeo yao, na mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaipa jina la IgE.

Hapa adui si sukari, ni protini za maziwa. Na protini haziondoki kwa kugandisha. Kuchemsha hakuyafanyi maziwa yawe salama kwa mtoto huyu. Hata ya mbuzi si dawa, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Halafu fikirini: mtoto wa miezi saba bado ana laktasi yake. Midomo ikivimba dakika chache baada ya maziwa, hiyo si habari ya sukari tena. Ipo pia aina ya polepole, inayokuja baada ya saa kadhaa au siku: damu kwenye choo, kuharisha, kutapika, uzito kugoma kupanda.

Likizo nikaenda kumweleza bibi. Nikaanza na kingamwili, akaniangalia tu. Nikakumbuka neno mzio. Leo tunalitumia kwa alegi, lakini zamani lilikuwa ni kile chakula mtu alichokatazwa kwa mila au na mganga. Bibi mwenyewe hajawahi kula nyama ya kondoo, ni mwiko wa kwao. Nikamwambia: "Bibi, maziwa ni mzio wa mjukuu wako." Akanyamaza, kisha akasema: "Si ungesema hivyo toka mwanzo." Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi. Mgeni akija na biskuti, lazima aulizwe zina maziwa?

Daktari alisema dada aendelee kunyonyesha, na kama mtoto angesumbuka hata kwa ziwa la mama, basi dada mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa muda. Uji ukawa wa maji, ukiongezwa dagaa wa kusaga, na pembeni choroko, maharage na yai. Watoto wengi mzio huu unawaisha wakikua, ila kujaribu tena ni hospitalini, si nyumbani kwa kubahatisha. Na mtoto akibanwa pumzi au akilegea, hakuna kusubiri, ni kukimbia naye hospitali.

Sisi wanafunzi wa historia tunapenda kuuliza nani alijua nini, na lini. Mwaka 1966 majibu yote mawili yalikuwa yameanza kuandikwa, moja Kampala, jingine Denver. Kwetu Somanda lile la kwanza bibi alikuwa nalo kabla ya kitabu chochote. La pili lilimfikia kwa kuchelewa, na nusura lituchukulie mtoto.

Narudi kwenye test.