Kutoka Manzese hadi Upanga: safari ya ugonjwa unaokula valvu za moyo

Mwaka 2025 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ilitimiza miaka 10. Miaka 10 ya kufungua vifua, kubadilisha valvu na kuziba matundu ya moyo hapa hapa Upanga, kazi ambayo zamani ilidai pasipoti, tiketi ya ndege ya kwenda India na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa. Taifa lina haki ya kujivunia. Ila wengi wa wanaofika Upanga na valvu zilizoharibika hawakuanzia kuugua Upanga. Walianzia Manzese, Mbagala, Tandale, Keko, Magomeni, kwa koo la mtoto lisilotibiwa au kwa sindano iliyopita mikononi mwa watu wengi. Kati ya magonjwa yanayozaliwa huko, upo mmoja ambao hata wakazi wa Kinondoni na Temeke hawaujui kwa jina: endokaditisi, maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na valvu zake.

Unavyokuja ni rahisi kueleza. Valvu ni milango minne inayofunguka na kujifunga kila moyo unapopiga. Bakteria wakiingia kwenye damu hupita na kuuawa na kinga ya mwili, lakini wakikuta mlango wenye kovu hupata pa kushika. Wanazaana, damu inagandia juu yao, kijiuvimbe kinakua. Kipande kikimeguka kutoka upande wa kushoto wa moyo kinaweza kwenda kwenye ubongo, na kijana wa miaka 25 akaamka amepooza upande mmoja. Kikimeguka upande wa kulia kinaishia kwenye mapafu.

Mwaka 1885 daktari William Osler aliueleza ugonjwa huu katika mihadhara yake mitatu jijini London, wakati ambapo kuupata kulikuwa sawa na kuandikiwa kifo. Hali ilibaki hivyo hadi mwaka 1944, daktari Leo Loewe wa Brooklyn alipotangaza kuwaponya wagonjwa 7 kwa penisilini. Tangu hapo tiba inajulikana: antibayotiki ya mshipa kwa wiki 4 hadi 6, na upasuaji pale valvu inapokuwa imeoza. Bado ugonjwa huu haujapoteza makali. Utafiti wa EURO-ENDO, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 3,116 katika nchi 40, ulionyesha kuwa asilimia 17 walifia hospitalini, tena wengi wao wakiwa katika nchi zenye maabara na vyumba vya upasuaji vya kila aina.

Dar es Salaam, mlango wa kwanza wa ugonjwa huu ni koo. Mtoto anapata mafindofindo, anapewa vidonge vya maumivu, homa inashuka, anarudi shule. Kwa baadhi yao kinga ya mwili, ikiwa inapigana na bakteria wa koo, huanza kuushambulia moyo wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikijirudia mara kadhaa inaacha kovu kwenye valvu, na kovu hilo linakuwa kiti cha endokaditisi miaka mingi baadaye. Kinga yake ni sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, dawa ya zamani na ya bei ndogo ambayo zahanati inaweza kuichoma bila mtambo wowote.

Kati ya mwaka 2012 na 2013, Dk Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia Muhimbili wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kufanya kazi. Shinikizo la damu liliongoza kwa asilimia 45. Ugonjwa wa valvu wa rumatiki ulikuwa asilimia 12. Utaonekana mdogo mpaka uangalie umri. Wa shinikizo la damu ni watu wazima. Wa rumatiki ni vijana. Katika utafiti mkubwa wa REMEDY, uliozijumuisha Kenya na Uganda, nusu ya waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa hawajafika hata miaka 30.

Historia ya upasuaji inasimuliwa kila mara, kwa hiyo tuipite haraka. Hospitali ya Princess Margaret ya mwaka 1956 ikawa Muhimbili. Kwa miongo mingi wagonjwa wa valvu walisubiri rufaa ya nje, na wapo ambao foleni iliwashinda. Mei 2008 upasuaji wa kwanza wa kufungua moyo ukafanyika Muhimbili. Mwaka 2015, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, ikazaliwa JKCI chini ya Profesa Mohamed Janabi.

Mlango wa pili wa endokaditisi, sindano, husimuliwa mara chache, na ndio unaozihusu Kinondoni na Temeke kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi.

Heroini ilikuwapo Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, lakini ilivutwa. Iliyofika kwanza ni ya kahawia, na vijana waliichanganya na bangi au sigara kwenye maskani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kuonekana unga mweupe, ulioyeyuka kirahisi, na pamoja nao ikaja sindano. Simulizi kamili zaidi ya kipindi hicho imo katika kazi za Sheryl McCurdy wa Texas na wenzake wa Muhimbili, akiwamo Profesa Gad Kilonzo, daktari wa magonjwa ya akili. Walikaa na vijana kwenye mageto, wakasikiliza. Wao walikuwa wakitafuta Ukimwi. Ukisoma maandiko yao ukiwa na moyo akilini, kila ukurasa unaonyesha njia nyingine ambayo bakteria alipewa ya kufika kwenye valvu.

Mwaka 2005 waliandika jambo ambalo wasomaji wa majarida ya tiba duniani waliona vigumu kuliamini. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakijiuza ili kupata hela ya unga walikuwa na utaratibu wa kusaidiana. Aliyepata kete ya unga alijidunga kwanza, kisha akavuta damu yake mpaka bomba likajaa, akampa mwenzake asiye na kitu, naye akajichoma damu ile akiamini kuna unga uliobaki ndani yake wa kumtuliza arosto, yaani mateso ya kukosa unga. Watafiti waliuandika utaratibu huo kwa jina la flashblood. Ilikuwa huruma ya wanawake maskini waliokuwa tayari kugawana hata damu, na kwa afya yao ilikuwa hatari kuliko karibu kila kitu kingine ambacho wangeweza kufanya kwa bomba la sindano.

Magazeti ya nje yalikitangaza kisa hicho kama habari ya Ukimwi, na ilikuwa sahihi. Katika utafiti wa Mark Williams, Kilonzo na wenzao, uliotoka mwaka 2009, asilimia 42 ya wajidungaji 315 wa Dar es Salaam walikuwa na virusi. Lakini bomba la namna hiyo hubeba pia bakteria wa ngozi, hasa stafilokokasi, ambaye kwa tabia yake hahitaji kovu la rumatiki. Anaweza kushika hata valvu nzima. Mshipa wa mkono humpeleka moja kwa moja upande wa kulia wa moyo, ndiyo maana endokaditisi ya anayejidunga mara nyingi hukaa kwenye valvu ya trikaspidi, na vipande vyake hutua mapafuni.

Sasa mfikirie mgonjwa huyo anapofika zahanati ya Temeke. Ana homa, anakohoa, amekonda, kifua kinauma. Muuguzi aliyefundishwa vizuri atamwazia kifua kikuu. Atapima malaria, atapima virusi vya Ukimwi. Kila kipimo kina sababu yake, na wala si kosa la mtu, ila sauti ya kishindo cha damu kwenye moyo, dalili ambayo kifaa cha kusikilizia kifuani kingeweza kuifichua, huenda isisikike katika chumba chenye foleni hadi barabarani. Watafiti wa Moshi walipochunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, walikuta asilimia 60 walikuwa wameandikiwa malaria, huku waliokuwa nayo kweli hawafiki asilimia 2. Homa ikishapewa jina la malaria, haitafutiwi jina jingine.

Akiwa na bahati anafika hospitali ya rufaa. Damu inatakiwa kuchukuliwa kwenye mishipa tofauti, mara tatu, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, ili ioteshwe maabara na bakteria ajulikane. Hapo mawili huharibu mambo. Mgonjwa ameshakunywa amoksilini ya duka la dawa kwa siku nne, kwa hiyo chupa za maabara hazioti kitu. Na mishipa ya mtu aliyejidunga kwa miaka imekwisha. Muuguzi anapapasa mkono wa kulia, wa kushoto, mgongo wa kiganja, mpaka shingoni, na mgonjwa mwenyewe, anayeijua mishipa yake kuliko mtu yeyote, ndiye anamwonyesha pa kujaribu.

Kisha ziko zile wiki sita. Arosto humkuta mtu wodini siku ya kwanza ile ile, kwa kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa. Asipopewa kitu cha kuituliza atatoroka, na dozi iliyokatizwa ni sawa na kumlea bakteria. Ndiyo maana historia ya moyo Dar es Salaam haiwezi kuandikwa bila methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, ingawa vitabu vya moyo havijaiweka humo.

Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ikiongozwa na Dk Jessie Mbwambo. Waraibu waliletwa na asasi za mitaani kama Kimara Peer Educators. Mwishoni mwa 2012 ikafuata Mwananyamala, kwa wakazi wa Kinondoni, na mwaka 2014 Temeke. Kila asubuhi mtu anafika dirishani, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaondoka. Anayeinywa hahitaji bomba. Hakuna dawa iliyozuia endokaditisi Kinondoni kwa njia ya moja kwa moja kuliko kikombe hicho.

Ugomvi mkubwa haukuwa juu ya methadoni. Ulikuwa juu ya sindano safi. Temeke, shirika la Médecins du Monde la Ufaransa lilifungua kituo cha kupumzikia waraibu, likawa linagawa mabomba mapya na kukusanya yaliyotumika. Vipimo vyake vilionyesha ukubwa wa tatizo: karibu asilimia 35 ya wajidungaji waliopimwa Temeke walikuwa na virusi vya Ukimwi, na asilimia 28 homa ya ini aina ya C. Hata hivyo swali la mtaani lilikuwa moja: vipi unampa teja sindano? Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilijengwa juu ya kukamata, na bomba mfukoni lilitosha kumtia mtu mashakani mbele ya polisi. Kwa hiyo kijana alilificha, akalizika chini ya mti wa maskani, akalifukua kesho yake likiwa na vumbi, akalitumia. Woga wa kukamatwa ulikuwa ukiwachafulia watu damu.

Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza hadharani majina ya watu aliowahusisha na dawa za kulevya, wakiwamo wasanii maarufu, na jiji zima likawa linahesabu nani ameitwa Kituo Kikuu cha Polisi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikaanza kazi mwaka huo huo. Unga ulizungumzwa kila redio, kila kijiwe. Mishipa iliyooza ya vijana wa Tandika haikuzungumzwa. Kazi ya sindano safi imeendelea kupitia asasi za wenyeji, ikiwamo Mukikute ya Temeke, kwa fedha zinazotegemea mno wafadhili wa nje, na hilo ni jambo la aibu kwa jiji lenye taasisi ya moyo ya hadhi hii. Bei ya bomba moja la sindano ni ndogo kuliko nauli ya daladala. Valvu ya bandia huagizwa nje kwa dola, inahitaji chumba cha upasuaji, na mgonjwa aliyewekewa ile ya chuma anameza dawa ya kuyeyusha damu maisha yake yote. Halafu akirudi kwenye sindano chafu, valvu hiyo mpya nayo inashikwa.

JKCI sasa ina tawi katika iliyokuwa Hospitali ya Dar Group, jirani na TAZARA, ndani ya Wilaya ya Temeke. Kliniki ya methadoni ya Temeke iko katika wilaya hiyo hiyo, na watumiaji wake wanafika dirishani kila siku ya Mungu. Hakuna kundi jingine la watu walio hatarini kwa moyo ambalo hospitali inaonana nalo mara nyingi kiasi hicho. Mwenye homa ya zaidi ya wiki moja akichukuliwa damu pale pale kabla hajapewa antibayotiki, kisha akapandishwa bajaji kwenda kupimwa moyo kwa mashine ya eko TAZARA, atakuwa amefika kwa daktari wa moyo siku hiyo hiyo.